Mutu Asiye na Nguvu za Ajabu Anaweza Kuongoza Wenye Nguvu?



Hii ni mara ya mwisho ninaandika katika gazeti letu nikiwa kapita wenu. Nyuma ya miezi michache sisi finalisti tutafanya egzameni ya Serikali, tutafunga masanduku yetu, na ninyi mutachagua kapita mupya. Juu ya ile kazi ya kuchagua ninataka kusema neno. Lakini nitapita kwanza njia ndefu kidogo, njia ya vitabu vya picha. Musinicheke. Wengi wenu munavisoma chini ya blanketi wakati taa imekwisha kuzimwa. Ninajua, kwa sababu miye ndiye niliyekuwa ninavikamata, na mbele ya kuvirudisha ninavisoma.

Mambo yalianza siku moja ya posho. Tulikuwa tumekaa chini ya muembe tukichagua mawe ndani ya maharagi ya mangaribi, na maneno yakafika kwa wale mashujaa wa Marekani wenye nguvu za ajabu: nani anashinda wote, nani anaweza kumupiga nani. Munajua mabishano ile, haiishake. Basi kadogo mumoja wa klasi ya kwanza akaniuliza: «Yaya kapita, Batman hana nguvu. Harukake, risasi inamuingia kama weye na miye. Sasa anatuma Superman namna gani? Superman akikatala, atamufanya nini?»

Mbele nijibu, mukubwa mumoja wa klasi ya tano, fundi wa fizika, alimujibu: «Ile ni uongo ya kufurahisha wanyonge. Nguvu ndogo haisukumake nguvu kubwa.»

Watu walicheka. Miye sikucheka. Ninapima kilo 51. Kwa mupira wa miguu kazi yangu ni kulinda nguo za wale wanaocheza. Kwa hesabu nimekuwa wa 17 kati ya 34, si juu, si chini. Hata katika kwaya, mwalimu aliniomba kwa upole nisimame karibu na mulango ili niufungue wageni wakifika. Na mutu huyu ndiye aliyeongoza dortwari ya vijana 62 karibu mwaka muzima, na kati yao kuna wale wanaoweza kunibeba kwa mukono mumoja kama kuku wa soko. Yule kadogo aliuliza juu ya Batman, lakini swali lilianguka mbele ya miguu yangu.

Leo ninalijibu.

Tuanze na yule aliyetajwa. Batman alionekana mara ya kwanza katika mwaka 1939, mwaka mumoja nyuma ya Superman. Waliomutunga ni Bob Kane na Bill Finger. Superman alitoka katika dunia nyingine, anaruka, risasi inaanguka kwa kifua chake kama punje ya muhindi. Batman ni mutu wa mama na baba, jina lake Bruce Wayne. Wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake angali mutoto, naye akafundisha mwili wake na akili yake kwa miaka mingi. Katika 1960 mashujaa wakubwa waliungana katika ekipi inayoitwa Justice League: Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Green Lantern, Aquaman na Martian Manhunter. Wote saba, na Batman peke yake hana kitu cha ajabu. Lakini katika hadisi nyingi ndiye anayepanga vita, na wale wanaoweza kuvunja mulima wanakwenda mahali alipowaonyesha.

Fundi wa fizika atasema: «Bon, lakini yuko na feza.» Ana haki. Katika sinema ya Justice League iliyotoka 2017, Flash anamuuliza Batman nguvu yake ni gani, naye anajibu kwamba yeye ni tajiri. Watu wanacheka. Lakini miye naona ile jibu ni ya kweli sana. Feza ni nguvu ya ajabu. Hapa kwetu kila mutu anaijua: mutoto aliyelipa minervali siku ya kwanza hatembeake sawa na yule anayengoja baba yake auze mbuzi. Kwa hiyo sitajenga neno langu juu ya Batman. Nitatafuta mutu asiye na nguvu wala feza.

Mutu yule yuko. Anaitwa Hawkeye, na katika vitabu vya Kifaransa Œil-de-Faucon. Jina lake la nyumbani ni Clint Barton. Stan Lee na Don Heck walimuleta kwa wasomaji katika 1964. Wazazi wake walikufa katika aksida ya gari, akalelewa katika nyumba ya yatima, akatoroka, akafuata watu wa sirki, wale wanaokwenda muji kwa muji wakionyesha michezo ya kuruka na kutupa visu. Kule alijifunza kupiga mishale. Basi, ni hiyo tu. Upinde, mishale na jicho zuri. Mwanzoni alikuwa hata upande mubaya, akipigana na Iron Man. Katika 1965 wakamupokea katika ekipi ya Avengers, na pale akawa mutu wa kelele: Captain America akitoa amri, yeye yuko na la kujibu. Alifikiri angeongoza vizuri kuliko yule. Wanafunzi wa namna hii tunawajua wote, na wengine wanasoma mustari huu sasa.

Lakini muangalie yaliyomupata nyuma yake. Katika 1983, katika hadisi iliyoandikwa na Mark Gruenwald, adui alitumia sauti ya kugeuza akili za watu. Hawkeye alitia kichwa cha mushale wa kelele katika kinywa chake mwenyewe, ili kelele ile ifunike sauti ya adui. Aliponyoka, lakini masikio yake yaliharibika, na akaanza kuvaa chombo cha kusaidia kusikia. Sasa, katika 1984 Avengers walitaka kufungua tawi lao upande wa California. Nani alipewa kuliongoza? Huyu huyu. Si kwamba hakuwa na nguvu za ajabu tu. Alikuwa amepungukiwa hata na ile ya kawaida. Na waliokuwa chini yake ni nani? Wonder Man, mwenye nguvu ya kutupa gari. Tigra, mwanamuke mwenye makucha na mbio kama paka mukubwa wa pori. Iron Man ndani ya nguo yake ya chuma, na wakati ule aliyekuwa ndani ya ile chuma alikuwa James Rhodes, mutu mweusi, si Tony Stark. Na Mockingbird, bibi yake, ambaye naye hakuwa na nguvu ya ajabu, lakini hakuogopa kumwambia bwana yake anapokosa.

Ninafikiri hivi: mutu asiyesikia vizuri analazimishwa kuangalia uso wa yule anayesema naye. Hawezi kugeuza mugongo na kuendelea kutoa amri. Mashefu wengi wenye masikio mazima wamekosa kitu hicho.

Mufano wa pili ni wa kijana wa umri wetu, kwa hiyo ninaupenda kupita yote. Katika 1980 Marv Wolfman na muchoraji George Pérez walianza hadisi mupya za Teen Titans, ekipi ya vijana. Ndani yake munakuta Starfire, binti wa dunia nyingine, anayeruka na kutupa moto wa mikono. Cyborg, nusu mutu nusu mashini. Raven, anayeweza kubeba maumivu ya mwingine katika mwili wake. Changeling, anayejigeuza nyama yoyote. Kid Flash, mwenye mbio. Wonder Girl, mwenye nguvu nyingi. Aliyewaongoza ni Robin, jina lake Dick Grayson, yule mutoto wa sirki aliyelelewa na Batman. Hana kitu kati ya vile vyote. Risasi moja inatosha kumaliza mambo yake. Ndiyo sababu yeye anafikiri mbele ya kuruka. Mwenye ngozi ya chuma hana haja ya kuuliza nyuma ya mulango kuna nini.

Katika 1984 walipata taabu kubwa. Rafiki wao mumoja, Terra, alikuwa mupelelezi. Alikaa nao, alikula nao, kumbe anapeleka siri zao kwa adui anayeitwa Deathstroke. Mutu yule akawakamata mumoja mumoja, kila mutu kwa namna ya zaifu yake. Wenye nguvu wote wakafungwa. Dick Grayson peke yake akaponyoka. Alikuwa amekwisha kuacha jina la Robin, akavaa nguo mupya na jina jipya, Nightwing, akaenda kuwatafuta.

Sasa, sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo jibu lilipo. Nightwing hakuwafungua kwa ngumi zake. Alikwenda pamoja na kijana bubu anayeitwa Jericho, mutoto wa yule Deathstroke mwenyewe. Jericho akikuangalia machoni anaweza kuingia katika mwili wako na kuutumikisha. Ndiye aliyeingia katika mwili wa baba yake na kuwafungua Titans. Wengine wangesema: «Huyu ni bubu, tena ni mutoto wa adui, abaki nyumbani.» Nightwing alimuamini, akaenda naye. Kazi yote ya shefu asiye na nguvu iko katika lile neno moja: kujua nani wa kwenda naye.

Nilijifunza jambo hili kwa mikono yangu katika mwezi wa kumi na moja. Munakumbuka usiku ule wa mvua na upepo, muti ulipoanguka mbele ya mulango wa dortwari yetu. Ndani walikuwa wagonjwa wawili wa malaria, na mumoja alikuwa anatetemeka vibaya. Wenye nguvu wetu walishika muti, kila mutu kwa upande wake, kila mutu akipiga kelele «Sukuma!». Muti haukusogea. Nilikuwa nimesimama katika matope na taa, sina maana. Ndipo nikafanya kitu kimoja tu: niliomba kunyamaza, nikauliza: «Nani kati yetu amekwisha kuona watu wakisogeza magogo?» Kadogo mumoja alijibu kwa sauti ndogo kwamba baba yake anapasua mbao porini. Alituambia tutafute muti murefu na jiwe, tuweke jiwe karibu na gogo, kisha tukandamize ncha ya mbali. Vijana watatu walikandamiza, na gogo likajiviringisha. Wagonjwa wakatoka, wakapelekwa kwa dispensari.

Basi, ndugu yangu fundi wa fizika, na weye ulikuwa kati ya wale watatu. Nguvu ndogo inasukumaka kubwa, kama unajua mahali pa kuweka jiwe. Umeisoma katika kaye yako mwenyewe.

Kama ningeishia hapa, munge­penda kunipigia mikono, na mungefikiri kwamba ninawaambia muchague munyonge kama miye. Lakini kuna hadisi nyingine, na inaniuma kuieleza. Nisipoieleza, maneno yangu yote ya juu ni uongo.

Katika 2000 Mark Waid aliandika hadisi ya Justice League inayoitwa Munara wa Babeli. Ndani yake tunasoma kwamba Batman, yule mutu bila nguvu kati ya wenye nguvu, alikuwa ameandika kwa siri namna ya kumuangusha kila mumoja wa wenzake. Namna ya kumuangusha Superman. Ya kumufanya Aquaman aogope maji. Ya kumupofusha Green Lantern. Juu ya nini aliandika? Alisema: siku moja mumoja wao akigeuka mubaya, nani atamuzuia? Ni neno la akili. Lakini hakumwambia hata mumoja. Adui yake Ra's al Ghul akaiba maandiko yale, akayatumikisha, na wenzake wote wakaanguka kwa mipango ya rafiki yao. Walipopona, walikaa wakapiga kura, na Batman akatoka katika ekipi.

Nilipoisoma hadisi hii, katika likizo ya Noeli, niliufunga ule ukurasa. Sikuweza kuendelea. Kwa maana miye nilikuwa na kaye.

Wengine wenu munaijua kaye ile. Ilikuwa na jalada ya bluu, nayo ilikaa chini ya godoro langu. Nilipopewa ukapita, niliogopa. Nilijiuliza kama yule kadogo: wakikatala, nitawafanya nini? Sina mikono ya kupiga, sina alama za kuheshimiwa, baba yangu si mutu wa feza. Basi nikaanza kuandika. Nani anapitaka juu ya lupango usiku kwenda muji. Nani alikopi katika enterogasyo. Nani anavuta. Nani analia. Kila mutu na ukurasa wake. Mara mbili nilimwambia mutu: «Ukikatala kufagia, nitafungua ukurasa wako.» Alifagia. Nikafurahi, nikafikiri nimekwisha kujua kuongoza.

Ilikuwa ni nguvu ya ajabu ya uongo. Ile ya muti na jiwe inajua mutu anaweza nini. Ile ya kaye inajua mutu anaogopa nini. Zote mbili ni kujua watu. Kwa nje zinafanana kabisa. Ndiyo maana mutu bila nguvu akiongoza ni hatari kuliko mutu mwenye nguvu: mwenye nguvu akikosea unaona ngumi yake inakuja, munyonge akikosea, unaona tu kwamba watu wameanza kumutii.

Niliporudi kutoka likizo nilitaka kuichoma kaye ile. Nikasema kesho. Tena kesho. Katika mwezi wa pili mutu aliipata, siku nilipokuwa kwa maji, akaisoma kwa sauti mbele ya dortwari nzima. Simutaji, yeye alisoma tu, miye ndiye niliyeandika. Watu walicheka kwa ukurasa wa kwanza na wa pili. Kwa ukurasa wa tatu waliacha kucheka. Kulikuwa mambo ya kadogo mumoja ndani yake. Sitasema ni nani wala ni mambo gani. Yalisomwa mara moja na ile inatosha. Alikwenda kwao, akakaa juma mbili. Aliporudi nilimuomba musamaha. Alinijibu: «Si kitu, yaya.» Lakini hajaniuliza swali tena, na mbele alikuwa anauliza maswali kupita wote.

Batman alifukuzwa kwa kura. Miye sikufukuzwa. Nilikwenda mwenyewe kwa biro ya Prefe, nikaeleza yote, naye alifikiri siku moja, akaniacha nimalize mwaka. Ninamushukuru. Lakini nitasema neno moja kwa heshima, wazee wetu wasilichukue vibaya: ninyi walimu mulisifu dortwari yetu katika tremestri ya kwanza kwamba ni safi, kwamba watu wanatii. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza: «Kijana wa kilo 51, unawatiisha namna gani?» Kama ningeulizwa, labda ningesema.

Nyuma ya siku ile nilipasua kaye. Nilimupa kila mutu ukurasa wake mukononi, nikamwambia: «Hii ni yako, fanya unavyotaka.» Wengi walichoma. Mumoja aliniuliza kama yote niliyoandika ni mabaya tu. Nilitafuta, na kweli, katika kurasa 62 hakukuwa mustari hata mumoja unaosema nani anajua kutengeneza taa, nani anapika sombe bila kuiharibu, nani anaweza kutuliza wawili wanaogombana. Hata jambo la muti na jiwe sikuliandika. Nilikuwa nimeishi na watu miezi mitano, nikaandika zaifu tu.

Basi, jibu la kadogo ni hili. Mutu bila nguvu anaweza kuongoza wenye nguvu, ndiyo. Lakini Superman hamutii Batman juu ya kumuogopa. Anamutii kwa sababu ameona mara nyingi kwamba mupango wake unawarudisha wote nyumbani wazima. Siku anapokuta kwamba rafiki anamufichia mupango wa kumuangusha, utii unakufa, na nguvu zote za dunia haziwezi kuufufua siku ile ile. Ukimuuliza shefu «Superman akikatala, utamufanya nini?», jibu la haki ni: sitamufanya kitu. Nitamuuliza juu ya nini amekatala.

Sasa, juu ya ile kura yenu. Ninasikia majina mawili yanatembea. Mumoja ni wa yule anayefunga mabao, mwingine ni wa yule anayekuwa wa kwanza kila mara. Wote wawili ni watu wazuri na sina neno juu yao. Lakini musiwachague kwa ajili ya mabao wala kwa ajili ya alama. Mabao ni ya uwanja, alama ni za buletini. Mbele ya kupiga kura, muulizeni kila mumoja swali moja: «Taja wadogo kumi wa dortwari, na kwa kila mumoja sema anajua kufanya nini.» Yule atakayefika kumi bila kutazama juu, ndiye. Na kama hakuna anayefika, tafuteni katika wale wasiotajwa. Hawkeye naye hakuwa jina la kwanza kwa midomo ya watu.

Kwenu wenye nguvu, ninyi muliobeba magunia na kukandamiza gogo: kutii mutu mwembamba si haya. Wonder Man hakupungua kwa kufuata mupiga mishale asiyesikia vizuri. Lakini kutii si kunyamaza. Mukiona shefu wenu anaandika, muombeni awasomee. Na kama anakatala kusoma, musimutii tena juu ya jambo lile, kwendeni kwa wakubwa.

Kwa yule atakayekuwa kapita nyuma yangu: utaogopa. Usiku wa kwanza utahesabu vitanda 62 na utaona kila mumoja ni mukubwa kuliko weye. Chukua kaye ukitaka, kuandika si mubaya. Lakini iweke juu ya meza ya refektwari, wazi, na kwa kila jina anza na kitu anachoweza. Kama kuna neno huwezi kuliandika mbele ya mwenyewe, usiliandike.

Na kwako weye kadogo, ambaye ulikuwa unauliza maswali. Sitakutaja. Mulango wangu uko wazi mpaka siku ya mwisho ya egzameni, na maharagi ya posho ingali na mawe mengi. Kuja ukae. Ukitaka kuuliza, uliza. Usipotaka, tutachagua tu.

Kapita wenu, finalisti wa klasi ya sita.